Mzigo wa Songea na ndege ya saa nane usiku

Swali: Msomaji wetu anayesoma Uturuki anauliza: "Ninarudi nyumbani likizo, na ndege yangu inatua Dar es Salaam Jumamosi saa nane na dakika kumi usiku. Nina boksi la kilo tisa hivi la kumpelekea mama Songea; ndani yake kuna mashine ya kupimia sukari pamoja na stripu zake, viatu, na kompyuta mpakato iliyotumika ya mdogo wangu. Mimi mwenyewe siendi Songea sasa, kwa sababu saa moja asubuhi hiyohiyo ninapanda boti kwenda Unguja kwenye harusi ya rafiki yangu. Nimeshauriwa nimpe bodaboda wa pale uwanjani alipeleke boksi Mbezi ili liwahi basi la alfajiri. Nina rafiki anayeishi Segerea, lakini naona haya kumwamsha usiku. Je, nifuate ushauri huo? Na kwa kuwa nyumba ya mama haina namba ninayoijua, mzigo utamfikiaje?"

Jibu:

Dada yangu, nitaanza na lile ulilouliza moja kwa moja. Usimkabidhi bodaboda boksi hilo alipeleke Mbezi peke yake usiku wa manane, hata kama ni kijana mwenye kijiwe kinachojulikana, na hata kama mwenzako alishafanya hivyo mzigo wake ukafika salama. Nimekaa nyuma ya kaunta ya mizigo ya mabasi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya mizigo niliyoiona ikipotea haikuibwa na mtu. Ilipita mikononi mwa watu watatu au wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyeiandika. Kwa sisi makarani, mzigo ambao haumo kwenye daftari haujatumwa, hata kama umo ndani ya buti na basi limeshavuka Kibaha.

Nakumbuka boksi moja lililoletwa kwetu kwenye saa kumi na moja alfajiri, basi likiwa limewashwa na abiria wamekaa. Kijana wa pikipiki hakuja kaunta. Alimpa utingo mkononi, akamwachia na fedha, akaondoka. Juu ya boksi paliandikwa kwa kalamu ya kawaida "Mama Mkubwa, Njombe", pamoja na namba ya simu ambayo tarakimu zake mbili za mwisho zilikuwa zimefutika kwa jasho la mkono. Basi liliharibika njiani, abiria na mizigo wakahamishiwa gari jingine, na karani aliyesimamia kuhamisha alihesabu kwa kufuata orodha. Kila kilichoandikwa kilihamishwa. Boksi lile, kwa kuwa halikuwamo kwenye orodha, lilibaki kwenye gari bovu, likarudi nalo gereji, na lilikaa stoo yetu wiki sita kabla mwenyewe hajapatikana. Ndani mlikuwa na miwani ya mzee. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika habari hiyo, na ndiyo maana huwa ninaieleza kwa kila anayetaka kutuma mzigo kwa haraka ya usiku.

Sasa tuitazame saa yako, kwa sababu wengi huipangia kwa matumaini. Ndege ikitua saa nane na dakika kumi, kuna foleni ya uhamiaji, kuna kusubiri mabegi, kisha kuna forodha. Ndege mbili zikifuatana, na usiku hilo hutokea, hesabu kwamba utatoka nje ya Jengo la Tatu kwenye saa tisa na nusu. Kutoka hapo hadi Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis kuna njia mbili. Ya kwanza ni Barabara ya Nyerere hadi daraja la Tazara, unaingia Barabara ya Mandela hadi Ubungo, kisha Barabara ya Morogoro kupitia Kimara. Ya pili, ambayo wenyeji wa huko huipenda, ni kupitia Banana, Segerea, Kinyerezi na Malamba Mawili hadi kutokea Mbezi. Usiku barabara ni nyeupe na gari litakwenda vizuri, lakini ukifika utahitaji kumpata karani, kupima, kuandikisha na kulipa, kisha kuanza safari ya kurudi mjini kwenye boti wakati ambapo foleni ya Kimara imeshaanza kujaa. Ukienda mwenyewe utaweza kufanikiwa, ila kitu kimoja kikichelewa kidogo tu, utakosa boti au utaliacha boksi kwa mtu usiyemjua ili uiwahi boti. Mimi singekushauri ujitie katika mtego huo kwa ajili ya kuokoa saa chache.

Nasema saa chache kwa sababu faida yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea kwa njia ya Iringa, Makambako na Njombe ni karibu kilomita 950, hivyo basi linaloondoka alfajiri ya Jumamosi litaingia Songea usiku, na mama hatatoka nyumbani usiku kufuata boksi. Ataliona Jumapili asubuhi. Tangu Oktoba 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, kampuni kadhaa za njia ndefu zimekuwa na magari yanayoondoka jioni. Mzigo ukiandikishwa mchana wa Jumamosi na kupakiwa kwenye gari la namna hiyo, unaweza kufika siku ileile ya Jumapili. Ukikosa gari la jioni na kuondoka Jumapili alfajiri, mama ataupata Jumatatu. Kwa hiyo haraka yote ile ya usiku inapigania siku moja kwa mbali, na pengine nusu siku tu.

Kumbe jibu la swali lako umeliandika wewe mwenyewe kwa kupita: ni huyo rafiki wa Segerea. Anaishi kwenye njia ileile ya kwenda Mbezi na hayuko mbali na uwanja wa ndege, na siku yenyewe ni Jumamosi, ambayo kwa wengi si siku ya kwenda kazini. Haya uliyonayo naielewa, kwa maana sisi hatupendi kuonekana tunawasumbua watu. Lakini mtu aliyearifiwa wiki moja kabla hasumbuliwi, anapokea mgeni. Mpigie simu sasa, mwombe hifadhi ya saa mbili, na umweleze wazi kwamba kuna boksi utakaloliacha kwake alipeleke Mbezi kukishapambazuka. Chukua teksi hadi kwake, pumzika kidogo, kisha ondoka mapema kwenda bandarini. Gari la usiku liagize kwa programu ya simu au litoke kwenye kituo rasmi cha teksi cha uwanjani, na ulitumie namba yake ya usajili kwa rafiki yako kabla hujapanda.

Hapo kwenye kumpigia simu kuna jambo dogo linaloharibu mipango mingi kuliko foleni. Wewe umeandika "Jumamosi saa nane usiku", kama tiketi inavyosema, kwa sababu tarehe ya tiketi hubadilika saa sita usiku. Masikioni mwa Mswahili, "Jumamosi usiku" ni baada ya jua la Jumamosi kuzama, wakati ambapo wewe utakuwa umeshakula pilau la harusi Unguja. Na kwa wazee wetu wa pwani, wanaohesabu siku mpya kuanzia magharibi, "usiku wa Jumamosi" ni ule unaotangulia Jumamosi. Nimewahi kumwona mtu aliyekuja kumpokea mgeni saa ishirini na nne baada ya mgeni kufika. Mwambie rafiki yako kwa maneno haya hasa: "Ninafika usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, Ijumaa ukishakula chakula cha usiku, mimi nipo angani." Kisha mtumie picha ya tiketi. Ukiongea na karani wa basi fanya vivyo hivyo, utaje tarehe na neno "alfajiri" au "jioni", usiishie kwenye namba ya saa.

Kuhusu forodha sioni tatizo kubwa, lakini usifike bila kujiandaa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, msafiri anasamehewa ushuru wa vitu visivyo vya biashara ambavyo jumla ya thamani yake haizidi kiwango kilichowekwa. Kompyuta iliyotumika, viatu na mashine ndogo ya sukari ya mtu mmoja vinaeleweka. Stripu weka pamoja na karatasi ya dawa ya mama au picha yake, ili afisa akiuliza ni za nani uwe na la kumwonyesha. Kinachowagharimu wasafiri wengi ni kufunga boksi kwa seloteipu kuanzia huko walikotoka, kila upande mara nne. Afisa akitaka kuona ndani, boksi linachanwa, na linatoka likiwa bovu kuliko begi la mtoto wa shule. Safiri na vitu hivyo ndani ya sanduku lako, na boksi likiwa limekunjwa bapa chini yake; seloteipu, mkasi na kalamu ya wino mzito visafiri katika begi linalokwenda buti la ndege, na kazi ya kufunga uifanyie Segerea. Wala usifike na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa kuwa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019 na utatakiwa kuiacha uwanjani.

Kufunga kwenyewe nitakueleza kwa kituo, maana hapa ndipo mtumaji ana mamlaka kamili juu ya mzigo wake. Zima kompyuta kabisa, usiifunike tu ikiwa imelala, kwa sababu ikiamka ndani ya boksi itapata joto pasipo na hewa. Ivingirishe kwenye khanga au shuka zito, uiweke katikati, isiguse ukuta wowote wa boksi. Chaja usiiache juu ya kioo. Itie ndani ya kiatu, na kiatu chenyewe ukijaze soksi ili kisibonyee. Stripu zibaki kwenye kopo lake lililofungwa vizuri, kwa kuwa huharibika kwa unyevu, na nyingi zimeandikwa kwamba zisikae kwenye joto linalozidi nyuzi 30. Mabasi mengi ya siku hizi yana injini nyuma, na buti la nyuma huwa kama tanuri ifikapo Mikumi saa saba mchana; kwa hiyo rafiki yako amwombe karani boksi liwekwe buti la mbele au la katikati, na aombe hilo kwa upole kabla ya kulipa. Gari la jioni lina nafuu hapa pia, maana sehemu kubwa ya safari ni usiku wa baridi. Kama kungekuwa na insulini ningekukataza kabisa kuituma kwa buti la basi, kwa sababu kabla ya kuanza kutumika hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8.

Kabla ya kufunga, piga picha vitu vyote vikiwa wazi ndani ya boksi, na nyingine ya namba ya utambulisho ya kompyuta iliyopo chini yake. Andika karatasi mbili zinazofanana, zenye jina la mpokeaji, simu yake, simu ya mtu wa pili wa hukohuko Songea, na jina na simu ya mtumaji. Moja iweke ndani juu ya vitu, nyingine ibandike nje na uifunike yote kwa seloteipu inayoonyesha, ili maji yasifute wino. Ile ya ndani watu huiona ya ziada, lakini kwenye stoo za mizigo iliyokosa mwenyewe, ndiyo inayotufikisha kwa mwenye mali pale ya nje inapobanduka.

Mtumaji awe rafiki yako kwa jina na simu, si wewe. Wewe laini yako ya nyumbani huenda imelala kwa miezi, na utakuwa baharini. Karani akiwa na swali anahitaji mtu anayepokea. Jina la mama liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Mama zetu wanajulikana kwa majina ya watoto wao wa kwanza, na mara nyingi nimeshuhudia mama mtu mzima akisimama kaunta na kitambulisho halali mkononi akikataliwa mzigo, kwa sababu mwanawe ameandika jina la nyumbani. Mpigie umuulize hata kama una hakika unalijua.

Hii ndiyo habari ya anwani pia. Kwa mzigo wa basi, namba ya nyumba haihitajiki. Mzigo unaishia ofisi ya kampuni, na mpokeaji hupigiwa simu aufuate. Kinachohitajika ni kujua ofisi hiyo iko stendi au iko mjini, ili mama asije akalipa bodaboda mara mbili, na kujua inafungwa saa ngapi Jumapili.

Wiki hii, kabla hujasafiri, rafiki yako au wewe mpige simu kampuni mbili za mabasi ya Songea, na muulize mambo manne: kaunta ya mizigo iko Mbezi au iko kwenye ofisi yao nyingine, kwa maana baadhi ya kampuni hupokea vifurushi kwenye ofisi zao za Shekilango, inafunguliwa saa ngapi, kuna gari la jioni siku ya Jumamosi, na kama wana leseni ya vifurushi ya Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ambayo ndiyo inayosimamia huduma za posta na vifurushi nchini. Swali hilo la mwisho lina kazi yake. Karani wa kampuni yenye utaratibu atajibu bila kukasirika, na jinsi mtu anavyolijibu huwa inatosha kukuonyesha mzigo wako unakwenda mikononi mwa nani.

Kwenye kaunta, rafiki yako asikubali kuondoka na ahadi. Boksi lipimwe mbele yake. Stakabadhi iwe na namba yake, tarehe, majina na simu za pande zote mbili, uzito, maelezo ya kilichomo na thamani yake, na namba ya usajili ya basi litakalobeba. Kama basi halijapangwa bado, apigiwe simu likipangwa. Watu wengi hupenda kuandika "nguo" ili walipe kidogo. Wakiandika nguo, siku mzigo ukipotea watalipwa nguo, tena kwa masharti yaliyochapwa nyuma ya stakabadhi ambayo hawakuyasoma. Aandikishe kompyuta, alipe tofauti yake, na asome masharti hayo, hasa kiwango cha juu cha fidia; akiona kiwango hicho hakifikii hata nusu ya thamani ya kompyuta, basi kompyuta aitoe, abaki nayo hadi utakapotoka Unguja uipeleke mwenyewe au imsubiri mdogo wako. Malipo yafanywe dirishani au kwa namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, na adai risiti. Mtu wa kituoni akimwambia atume fedha kwenye namba yake binafsi kwa sababu "mashine ina shida", akae asubiri mashine ipone. Wapiga debe watamfuata kuanzia getini wakimwambia wao ndio ofisi. Atembee nao tu hadi dirishani, mkono wake ukiwa juu ya boksi.

Umeona sijaitaja Posta. EMS, yaani huduma ya vifurushi vya haraka ya Shirika la Posta, ni njia nzuri, ina namba ya kufuatilia mzigo, na kwa stripu zako peke yake ningeweza kuipendelea. Lakini Jumamosi ni siku fupi kwenye ofisi zake, na kwa kifurushi cha kilo tisa ulinganishe kwanza gharama. Ukiamua kuitumia, hapo ndipo anwani ya makazi inakuwa na maana: mwenyekiti wa mtaa wa mama anaweza kumtajia jina la barabara, namba ya nyumba na postikodi yake ya tarakimu tano, vilivyowekwa katika ule mpango wa anwani za makazi wa mwaka 2022.

Ikitokea mzigo umechelewa, rafiki yako aende na stakabadhi kwenye ofisi alikotumia, apeleke malalamiko kwa maandishi na abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Asipopata majibu ya kuridhisha, malalamiko hayo hupelekwa TCRA, na jambo la kwanza wanalotaka kujua ni kama ulianza kwa mtoa huduma. Bila stakabadhi hana pa kuanzia, na hiyo ndiyo hali ambayo ungekuwa nayo kama boksi lingeondoka na pikipiki saa kumi usiku.

Mama naye apewe kazi yake. Mtumie picha ya stakabadhi na ile picha ya vitu vikiwa ndani ya boksi, na kama hatumii simu ya picha, itumwe kwa jirani au mdogo wako aende naye. Wafike na kitambulisho, walitazame boksi pande zote sita, na kama seloteipu imekatwa au kona imelowa, walifungue palepale mbele ya karani kabla mama hajatia saini kwenye daftari la kupokelea. Kisha afungue mfuniko wa kopo la stripu, aangalie kama halikuingia maji, aufunge tena haraka, na jioni hiyohiyo akupigie akutajie kipimo cha kwanza.